Blaise Pascal

Blaise Pascal (Clermont, Ufaransa, 19 Juni 1623 – Paris, Ufaransa, 19 Agosti 1662) alikuwa mwanahisabati, mwanafizikia, mwanafalsafa na mwandishi wa mambo ya dini kutoka nchini Ufaransa. Anakumbukwa kwa mashine ya kuhesabu aliyoibuni akiwa kijana, kwa utafiti wake kuhusu uzito wa hewa, kwa mchango wake katika nadharia ya uwezekano, na kwa maandishi yake ya kutetea imani ya Kikristo.

Wanafunzi wa sekondari hukutana na jina lake mapema katika fizikia, kwa sababu kipimo cha kanieneo (yaani kani inayosukuma kila kipande cha eneo) kinaitwa paskali. Kanuni ya vimiminika inayobeba jina lake ndiyo inayoendesha jeki za haidroli na breki za magari madogo. Makala hii inaeleza maisha yake, na mwishoni inaonyesha jinsi kanuni hiyo inavyofanya kazi ndani ya breki na kwa nini taa ya breki huwaka kwenye dashibodi.

Utoto na malezi

Baba yake, Étienne Pascal, alikuwa hakimu wa masuala ya kodi na mpenzi mkubwa wa hisabati. Mama yake, Antoinette Begon, alifariki mwaka 1626 wakati Blaise ana umri wa miaka 3. Alikuwa na dada wawili: Gilberte, mkubwa wake, na Jacqueline, mdogo wake. Wote wawili walikuwa na nafasi kubwa katika maisha yake, na mengi tunayojua kumhusu yametoka kwa Gilberte, aliyeandika habari zake baada ya kifo chake.

Mwaka 1631 familia ilihamia Paris. Blaise hakupelekwa shule. Baba yake alimfundisha mwenyewe nyumbani, na aliamua kwamba mtoto aanze na lugha za Kilatini na Kigiriki, hisabati ije baadaye. Inasemekana vitabu vya hisabati viliondolewa kabisa machoni pake. Kwa simulizi ya Gilberte, akiwa na umri wa miaka 12 mtoto huyo alianza kuchora maumbo sakafuni kwa makaa, akiyapa majina yake mwenyewe, mpaka akafikia peke yake ukweli kwamba pembe za ndani za pembetatu zikijumlishwa ni sawa na pembemraba mbili. Dada anayempenda kaka yake huweza kuongeza chumvi, lakini ni hakika kwamba baada ya hapo baba alilegeza msimamo na kuanza kumchukua kijana huyo kwenye mikutano ya wataalamu iliyoandaliwa na mtawa Marin Mersenne. Mwaka 1640, akiwa na miaka 16, alichapisha andiko fupi kuhusu mikato ya koni.

Mashine ya kuhesabu

Baba yake aliwahi kugombana na serikali kwa kulalamikia malipo ya hati za mkopo, akalazimika kujificha. Alisamehewa mwaka 1639 baada ya Jacqueline, aliyekuwa mtoto bado, kuigiza vizuri mbele ya Kardinali Richelieu na kumwombea. Kisha akapewa kazi ya kusimamia kodi katika mji wa Rouen. Kazi ilikuwa ya hesabu ndefu zisizokwisha, na fedha ya Ufaransa wakati huo ilizidisha taabu, kwa kuwa livre 1 ilikuwa sol 20, na sol 1 ilikuwa denier 12.

Mwaka 1642, akiwa na umri wa miaka 19 hivi, Blaise alianza kutengeneza mashine ya kumsaidia baba yake. Ilikuwa na magurudumu yenye meno. Gurudumu moja likimaliza mzunguko lilisukuma la jirani hatua moja, kama inavyofanya mita ya kilomita kwenye magari ya zamani. Alijaribu miundo ipatayo 50 kabla ya kuridhika, na mwaka 1645 aliitangaza. Mwaka 1649 mfalme alimpa haki ya kuwa yeye peke yake mwenye kuitengeneza. Mashine haikuuzika sana kwa sababu ilikuwa ghali. Chache zimehifadhiwa katika makumbusho hadi leo.

Ombwe, zebaki na mlima

Mwaka 1644 Mwitalia Evangelista Torricelli alieleza jaribio la kujaza zebaki kwenye bomba la kioo lililozibwa upande mmoja, kisha kuligeuza na kulisimamisha ndani ya bakuli la zebaki. Zebaki ilishuka kidogo, ikasimama kwenye urefu wa sentimita 76 hivi, na juu yake ikabaki nafasi tupu. Wasomi wengi waliamini bado mafundisho ya kale kwamba utupu hauwezi kuwepo. Je, nafasi ile ilikuwa na nini? Na nini kilichoizuia zebaki isishuke yote?

Habari zilifika Rouen mwaka 1646, na Pascal pamoja na baba yake walilirudia jaribio hilo. Rouen ilikuwa na mafundi hodari wa vioo, naye akaagiza mabomba marefu kupita kiasi, mengine ya futi 46, akayafunga kwenye mlingoti ili kulinganisha maji na divai mbele ya watu. Mwaka 1647 alichapisha matokeo yake na kutetea kwamba ombwe lipo. Wapinzani walikuwa wengi, hata René Descartes, mwanafalsafa maarufu kuliko wote wa wakati ule, aliyemtembelea Septemba 1647, hakukubali kwamba utupu unawezekana.

Pascal alifikiri hivi: ikiwa zebaki inashikiliwa na uzito wa hewa inayoikandamiza bakulini, basi ukipanda mlimani, ambako hewa iliyobaki juu ni kidogo, zebaki lazima isimame chini zaidi. Paris haina milima, na afya yake ilikuwa mbaya. Akamwandikia mume wa Gilberte, Florin Périer, aliyeishi Clermont chini ya mlima Puy de Dôme wenye urefu wa mita 1,465.

Périer alilifanya jaribio tarehe 19 Septemba 1648, na namna alivyolifanya inafaa kufundishwa katika kila maabara ya shule. Aliandaa mabomba mawili. Asubuhi, katika bustani ya watawa mjini, aliyapima yote mawili na kuona yanalingana. Moja aliliacha hapohapo, mtawa mmoja akiliangalia mchana kutwa aone kama litabadilika. La pili alipanda nalo akiwa na mashahidi. Kileleni zebaki ilikuwa imeshuka kwa karibu sentimita 8.5. Alipima mara tano mahali tofauti: ndani ya kikanisa kilichokuwa pale, nje penye upepo, penye ukungu. Jibu likawa lilelile. Alipokuwa njiani kushuka alipima tena, zebaki ikawa katikati, na bustanini ikarudi palepale ilipoanzia. Bomba la mtawa halikuwa limebadilika.

Kimo alichopanda Périer kilikuwa cha takriban mita 1,000. Msomaji wa Kilimanjaro anaweza kukipata kwa urahisi: tofauti kati ya mashamba ya mpunga ya Chekereni, kwenye uwanda ulio chini ya mji wa Moshi, na lango la hifadhi huko Marangu inapita kidogo hapo. Juu kabisa, kwenye kilele cha Kibo (mita 5,895), kanieneo ya hewa ni karibu nusu tu ya ile ya pwani.

Pascal alirudia jaribio kwa kimo kidogo kwenye mnara wa Saint-Jacques mjini Paris, akachapisha taarifa mwaka huohuo wa 1648. Descartes alidai baadaye kwamba wazo la kupanda mlima lilikuwa lake. Ugomvi huo haukumalizwa vizuri, ila aliyepanga jaribio na kulifuatilia mpaka mwisho ni Pascal.

Kanuni ya vimiminika

Kutoka kwenye hewa Pascal aliendelea na maji. Katika kitabu chake kuhusu mizani ya vimiminika, alichokiandika karibu na mwaka 1653, anaeleza chombo kilichojaa maji na kufungwa pande zote, chenye matundu mawili tu, moja likiwa na eneo kubwa mara 100 kuliko jingine. Kila tundu lina pistoni iliyoliziba barabara. Mtu mmoja akisukuma pistoni ndogo, nguvu yake italingana na ya watu 100 wanaosukuma pistoni kubwa.

Sababu ni kwamba kanieneo inayotiwa mahali pamoja katika kimiminika kilichofungwa husambaa kila upande bila kupungua. Kila sehemu ya pistoni kubwa iliyo sawa na pistoni ndogo husukumwa kwa nguvu ileile, na sehemu hizo ziko 100. Pascal hakusahau upande wa pili wa hesabu: pistoni ndogo ikisogea inchi 100, kubwa husogea inchi 1 tu. Kinachoongezeka kwenye nguvu hulipwa kwenye mwendo.

Hakuanzia patupu. Simon Stevin wa Flanders alikuwa ameandika kuhusu mkandamizo wa maji mwaka 1586. Pascal aliyaweka mambo hayo pamoja, akaunganisha maji na hewa chini ya kanuni moja, na kuyaeleza kwa lugha nyepesi ambayo hata leo mwanafunzi anaweza kuifuata. Ile hadithi ya Pascal kupasua pipa kwa kumimina maji kidogo kwenye bomba refu jembamba husimuliwa mara nyingi. Fizikia yake ni sahihi, ila haimo katika vitabu vyake.

Uwezekano, imani na mabishano

Mwaka 1654 alibadilishana barua na Pierre de Fermat kuhusu swali la wacheza kamari: mchezo ukikatishwa kabla ya kwisha, fedha zilizowekwa zigawanywe vipi kwa haki? Barua hizo huhesabiwa kuwa chanzo cha nadharia ya uwezekano. Mwaka huohuo aliandika kuhusu mpangilio wa namba unaoitwa sasa pembetatu ya Pascal, ingawa Wachina, Wahindi na Waajemi walikuwa wameujua karne nyingi kabla yake.

Familia yake ilikuwa ya Kikatoliki ya kawaida mpaka mwaka 1646, baba alipoteleza kwenye barafu na kuvunjika nyonga. Waganga wawili wa mifupa waliomtibu na kukaa nyumbani kwa miezi mitatu walikuwa wafuasi wa mkondo wa Janseni, uliosisitiza neema ya Mungu na maisha ya toba. Blaise aliguswa, kisha akawavuta wengine. Baba alifariki mwaka 1651. Mwanzoni mwa 1652 Jacqueline alijiunga na monasteri ya Port-Royal, jambo ambalo Blaise alilipinga kwanza.

Usiku wa tarehe 23 Novemba 1654 alipata mang'amuzi makali ya kidini. Aliyaandika kwenye karatasi aliyoishona ndani ya koti lake, akawa anaihamisha kila alipobadilisha koti. Hakumwambia mtu. Mtumishi aliigundua baada ya kifo chake.

Tangu hapo kalamu yake ilielekea zaidi kwenye dini. Kati ya 1656 na 1657 alitoa kwa jina la bandia barua 18 zilizojulikana kama Barua za Mkoani, akiwatetea rafiki zake wa Port-Royal na kuwashambulia Wajesuiti kwa kejeli. Kanisa lilizipiga marufuku mwaka 1657, lakini watu walizisoma kwa siri na kwa furaha, na wataalamu huzihesabu kati ya nguzo za nathari ya Kifaransa. Hisabati hakuiacha kabisa. Mwaka 1658 alitatua matatizo magumu kuhusu sikloidi, yaani mstari unaochorwa na nukta ya ukingoni mwa gurudumu linapobingirika.

Magari ya abiria na kifo

Jacqueline alifariki mwaka 1661. Blaise mwenyewe alikuwa mgonjwa kwa miaka mingi, akisumbuliwa na maumivu ya tumbo na ya kichwa, lakini mradi wake wa mwisho ulikuwa wa barabarani. Tarehe 18 Machi 1662 magari ya farasi ya abiria yalianza safari mjini Paris kwa mpango wake na wa rafiki zake matajiri, hasa Mtawala wa Roannez. Nauli ilikuwa sol 5 kwa kila mtu, njia zilipangwa, na gari liliondoka kwa saa yake hata likiwa tupu, jambo ambalo abiria anayesubiri Hiace ijae stendi ya Moshi atalionea wivu. Huu unahesabiwa kuwa usafiri wa kwanza wa umma wa mjini wenye njia na ratiba maalumu. Kwa bahati mbaya mahakama ya Paris iliwazuia askari, watumishi na vibarua kupanda, na miaka michache baadaye huduma ilikufa. Pascal alitaka sehemu yake ya faida iwasaidie maskini wa Blois.

Nyumbani kwake alikuwa amekaribisha familia maskini. Mtoto wao alipougua ndui, Pascal hakukubali wahamishwe. Alihama yeye, akaenda kwa Gilberte. Huko alifariki tarehe 19 Agosti 1662 akiwa na miaka 39. Alizikwa katika kanisa la Saint-Étienne-du-Mont.

Baada ya kifo

Kitabu chake kuhusu vimiminika na uzito wa hewa hakuwahi kukiona kimechapishwa. Périer alikitoa mwaka 1663. Karatasi alizoacha za kitabu cha kutetea Ukristo zilikusanywa na kutolewa mwaka 1670 kwa jina la Pensées, yaani Mawazo, na kitabu hicho ambacho hakukimaliza ndicho kinachosomwa zaidi kati ya vyote.

Kanuni ya vimiminika ilingoja zaidi ya karne moja kabla ya kuingia kiwandani. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya mashine ya kukandamiza kwa maji. Katika magari, Mmarekani Malcolm Loughead, mmoja wa ndugu walioanzisha kampuni ya ndege ambayo jina lake liliandikwa baadaye Lockheed, alibuni breki za kimiminika za magurudumu yote manne. Gari la Duesenberg lilizitumia mwaka 1921 na Chrysler mwaka 1924. Kabla yake breki zilivutwa kwa waya na vyuma, na ilikuwa kazi kubwa kufanya magurudumu yote yashike sawasawa. Kimiminika kiliondoa tatizo hilo kwa kuwa kanieneo ni ileile kila mahali.

Mwaka 1971 jina paskali lilikubaliwa kimataifa kwa kipimo cha kanieneo: nyutoni 1 kwa kila mita 1 ya mraba.

Kanuni ya Pascal na taa ya breki

Katika gari dogo, pedali husukuma pistoni iliyo ndani ya masta silinda. Tuseme pistoni hiyo ina eneo la sentimita 3 za mraba na inasukumwa kwa nyutoni 600. Kanieneo ni nyutoni 200 kwa kila sentimita ya mraba, sawa na paskali 2,000,000, na husafiri ndani ya mabomba hadi kwenye magurudumu. Pistoni ya gurudumu yenye sentimita 18 za mraba itasukuma pedi kwa nyutoni 3,600. Mwendo hupungua kwa kiwango hichohicho: pistoni kubwa ingesogea milimita 1 kwa kila milimita 6 za pistoni ndogo. (Malori na mabasi makubwa hutumia upepo, na maelezo haya hayayahusu.)

Hata ugunduzi wake wa mlimani umo. Busta, lile kopo kubwa la duara nyuma ya masta silinda, upande mmoja lina ombwe linalotengenezwa na injini, na upande wa pili hewa ya kawaida huingia na kuusaidia mguu. Pedali ikiwa ngumu kama jiwe na gari halishiki, huenda busta au bomba lake la ombwe limeharibika. Dereva anayezima injini mteremkoni ili kuokoa mafuta anajinyima msaada huo, kwani baada ya kukanyaga mara chache ombwe lililobaki huisha.

Taa nyekundu ya breki, aghalabu yenye alama ya mshangao ndani ya duara, huwaka kwa sababu kadhaa. Ya kwanza ni breki ya mkono ambayo haijashushwa yote, na ndiyo ya kuangaliwa mwanzo. Ya pili ni kiwango cha mafuta ya breki kushuka chini ya alama ya chini kwenye kopo lake, ambamo boya dogo huwasha swichi. Katika magari mengine taa hueleza pia kwamba mkondo mmoja kati ya miwili ya breki umepoteza kanieneo. Taa ya njano ya ABS ni habari nyingine.

Kiwango kikiwa chini, kuongeza mafuta na kuondoka ni kosa la kawaida. Katika breki za diski, pedi zikilika pistoni husogea nje na mafuta hujaza nafasi iliyoachwa, hivyo kiwango hushuka taratibu bila tone kuvuja. Ukijaza kopo, taa inazima huku pedi zikiendelea kwisha. Na siku fundi atakapoweka mpya, pistoni zikirudishwa ndani, mafuta yatafurika. Kwa hiyo pedi zipimwe kwanza. Kama ni nene bado, kuna mahali panapovuja: upande wa ndani wa gurudumu, kwenye mipira inayopinda, au nyuma ya masta silinda, ambapo unyevu huweza kuonekana ndani ya gari juu ya pedali. Gari linalovuja lisiendeshwe, hata kama breki bado zinashika.

Pedali nayo ina lugha yake. Ikizama polepole chini ya mguu uliotulia, na nje hakuna uvujaji, raba za ndani ya masta silinda zimechoka. Ikiwa laini na inapanda kwa kukanyagwa mara kwa mara, kuna upepo. Kanuni ya Pascal haijavunjika hapo. Ila hewa, tofauti na kimiminika, hukandamizika, na mwendo wa mguu huishia kwenye kuminya mapovu kabla kanieneo ya kutosha haijafika kwenye pedi. Ndiyo maana mafundi hutoa upepo kila wanapofungua bomba.

Hatari kubwa zaidi taa haiioni kabisa. Mafuta ya breki ya kawaida, licha ya jina lake, si mafuta bali ni kimiminika cha jamii ya glaikoli, nacho hufyonza unyevu wa hewa. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikiwa na maji asilimia 3.7 kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 140 tu. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Gari la Chekereni linaweza kuzunguka mwaka mzima kwenye uwanda, likikanyagwa breki kidogo, na mafuta ya namna hiyo yasilete shida yoyote. Kopo limejaa, taa imezima. Kisha Desemba linapanda mlimani na familia, na kurudi kutoka Kibosho au Marangu likiwa na watu na mikungu ya ndizi, dereva amekalia breki kona hadi kona. Pedi huwaka moto, joto hupenya kwenye pistoni, maji yaliyomo huchemka na kuwa mvuke, na pedali huenda hadi sakafuni. Gari likipoa breki hurudi, hata fundi akaliangalia asione kosa.

Kinga yake ni gia ndogo tangu mwanzo wa mteremko, ili injini ibebe sehemu ya kazi, na kubadilisha mafuta yote kwa muda uliowekwa na mtengenezaji wa gari, mara nyingi kila baada ya miaka 2. Chupa iliyofunguliwa na kukaa dukani au garini isitumike. Mafuta ya injini au ya usukani yasiwekwe kamwe kwenye kopo la breki, kwa kuwa huvimbisha raba, na yakishaingia kusafisha mabomba hakutoshi. Raba zote zilizoguswa hubadilishwa.